Mpanda kwa baiskeli: kilele kipi kinawafaa ninyi wawili?

*Mwenzi wako amehamishiwa Katavi, wewe maisha yako yote yako Dar. Kabla hamjaanza kununiana kwenye simu, pandeni baiskeli.*

Msomaji wangu mpenzi, tuambiane ukweli. Neno "Mpanda" likionekana kwenye barua ya uhamisho, watu wa Dar huwa wanatoa pole kana kwamba kuna msiba. Shoga zako watakuuliza, "Huko ndiko wapi tena, shosti?" Mama mkwe atasema tumshukuru Mungu, kazi ni kazi. Na wewe utabaki na swali moja ambalo hakuna semina ya ndoa iliyokufundisha kulijibu: namfuata, au namsubiri?

Mume wangu ni mhandisi wa maji. Barua yake ilikuja tukiwa na miaka mitatu ya ndoa, akaenda, mimi nikabaki na gazeti langu, deski langu na foleni za Mwenge. Miezi minane tukaishi kwa simu na vocha. Julai ya 2023 nikachukua likizo ya wiki mbili kwenda kuona kwa macho yangu mji ambao ulikuwa umeninyang'anya mume. Tukapanga tusikae ndani tukipiga stori za "itakuwaje". Tutafute safari moja nzuri ya baiskeli, ya kupanda mpaka juu kabisa, halafu swali letu tulizungumze huko. Sheria ilikuwa moja tu: kabla hatujafika juu, hakuna kugusa mada ya kuhama.

Wazo lilitoka kwa rafiki yangu anayeishi Edinburgh. Kila wikiendi ananitumia picha yuko juu ya kilima fulani, baiskeli ubavuni, ukungu nyuma. Kule Uskoti wana sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inayowaruhusu watu kutembea na kuendesha baiskeli karibu kila mahali ili mradi hawaharibu, kwa hiyo wao wanachagua vilele kama sisi tunavyochagua vitenge Kariakoo. Mlima wao mrefu kuliko yote, Ben Nevis, una mita 1,345. Sasa nikucheke kidogo: Mpanda mjini, pale stendi, tayari uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Yaani unashuka kwenye basi ukiwa umeshapanda sehemu kubwa ya mlima wa watu.

Mji wenye mtaa uitwao Makanyagio

Katavi ni mkoa mchanga. Ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao makuu yakawa Mpanda. Lakini mji wenyewe una historia yake. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950, kilomita kama 210 za kukata pori la miombo, na kilichoileta hakikuwa abiria bali madini ya risasi. Mgodi ulikuja kufungwa, treni ikabaki. Ndiyo maana mpaka leo mji huu una ile hali ya mwisho wa reli: kila mtu alitoka mahali pengine. Utakutana na Mbende, Mtongwe, Mpimbwe, Mkonongo, Mfipa, Muha, Msukuma mwenye ng'ombe zake, na watu wa Katumba ambao wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972 na wengi wao wakaja kupewa uraia wa Tanzania.

Na kuna mtaa unaitwa Makanyagio. Sikutunga, ni kata kabisa, na jina lenyewe linakukumbusha pedali. Kwa mtu anayetafuta baiskeli, hiyo si dalili njema?

Fundi tuliyempata alikuwa chini ya mwembe, ana beseni la maji la kutafutia pancha na kopo la solusheni. Mume wangu aliingia na maringo ya mjini, anataka baiskeli ya gia. Fundi akamtazama, akanigeukia mimi.

"Dada, mnakwenda wapi?"

"Bado tunachagua."

"Basi chagueni njia kwanza, ndiyo mchague baiskeli. Hiyo ya gia ni nzuri kwenye mlima, sikatai. Ila ikikatika ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, huko vijijini hupati spea, utaisukuma mpaka ujute. Phoenix ni nzito, lakini kila duka la kijijini lina tyubu yake na spoku zake."

Hilo ndilo somo la kwanza, wapenzi wasomaji. Watu wengi tunaanza na kifaa, halafu tunatafuta pa kukipeleka.

Njia tatu mezani

Tulikaa kwenye mgahawa, chai ya rangi na chapati mbele yetu, tukaorodhesha.

Ya kwanza ni *Sitalike*. Kutoka Mpanda ni kilomita kama 37, lami tupu. Kipande hicho kilizinduliwa mwaka 2019 na ni laini kama shavu la mtoto. Zawadi yake ni Mto Katuma, ambapo viboko wanalala wamebanana kama abiria wa daladala saa moja asubuhi. Wakati wa kiangazi, maji yanapopungua, wanarundikana kwa mamia kwenye matope, na kelele zao ni za kikao cha ukoo kilichoharibika. Kwa wapenzi wanaoanza, au mmoja wenu hajapanda baiskeli tangu shule ya msingi, hii inatosha na kubaki. Kasoro yake? Haina kilele. Ni tambarare, unafika, unatazama, unageuza.

Ya pili ndiyo iliyokuwa kwenye ndoto za mume wangu: *Lyamba lya Mfipa*, ule ukuta wa milima unaopakana na bonde la Katavi upande wa magharibi. Ukisimama huko juu, mbuga yote iko chini yako. Tatizo ni kwamba kutoka Mpanda, kufika huko ni kupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kilomita za mraba 4,471 za simba, tembo na nyati ambao hawajawahi kusoma alama za barabarani. Hifadhini huingii na baiskeli kama unakwenda sokoni. Kuna taratibu, kuna vibali, na kuna akili ya kawaida: simba anafukuza kinachokimbia, na wewe juu ya baiskeli ndiyo umejiandika kwenye menyu. Mume wangu alibishana kama dakika kumi. Nikamwambia, "Baba, nimetoka Dar kuja kuokoa ndoa, sikuja kuwa mjane." Ikafa hapo.

Wenyeji watakuambia pia kwamba mbuga hii ina mwenyewe. Katabi, mwindaji ambaye roho yake inasemekana inakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ndiye aliyeipa jina, na watu huacha sadaka chini ya mti huo. Ya wenyewe tuyaheshimu.

Ya tatu ni *Karema*. Barabara inatoka Mpanda kwenda magharibi, zaidi ya kilomita 110, mpaka Ziwa Tanganyika. Mpanda iko juu, ziwa liko chini, kwenye mita 770 na kitu. Katikati kuna vilima, na mahali fulani kwenye vilima hivyo nchi inaisha ghafla na maji yanaanza. Hapo ndipo kilele chetu kilipokuwa. Si kilele cha kupigia picha na bendera. Ni mgongo wa kilima ambao ukiuvuka, dunia inabadilika rangi.

Tulichagua ya tatu, lakini kwa akili. Kilomita 110 za vumbi kwa siku moja ni kazi ya wanaolipwa. Tukapakia baiskeli juu ya basi dogo mpaka tulipokaribia vilima, tukabaki na sehemu ya mwisho tu, ile yenye kupanda na kuteremka. Kurudi, tungerudi na gari. Mtu mwingine ataita hii kudanganya. Mimi naita kujijua.

Kupanda

Julai asubuhi Katavi ni baridi ya kuvaa sweta. Miombo imeanza kupoteza majani, barabara nyekundu, na hewa ina harufu ya moshi wa mbali na asali. Usishangae, huu ni mkoa wa wafuga nyuki, utaona mizinga ya magogo imening'inia mitini kama mizigo iliyosahauliwa. Ukija Septemba au Oktoba utakuta miombo inachipua majani mapya ya rangi ya damu ya mzee na shaba. Picha zinatoka vizuri mno, ila joto utaliona.

Mimi nilichukua Phoenix, mume wangu akang'ang'ania ya gia. Kilomita za kwanza alinipita akipiga kengele kama mtoto. Kilima kilipoanza, tukawa sawa: wote chini, tunasukuma. Mbung'o wakatukuta hapohapo. Nikupe siri ambayo sikufundishwa chuoni: mbung'o anapenda kitu kinachotembea, na anapenda rangi ya bluu na nyeusi. Mume wangu alikuwa amevaa fulana ya bluu. Mimi nguo yangu ya rangi ya mchanga nilitembea kama malkia.

Njiani tukamkuta mzee naye anasukuma baiskeli, gunia la mahindi kwenye keria, ameshikilia kwa mpira wa tyubu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnakwenda wapi na jua hili?"

"Karema."

"Kuna msiba?"

"Hapana, mzee. Tunatembea tu."

Akasimama. Akatutazama kutoka viatuni mpaka kofia. "Kutembea. Kwa baiskeli. Na pesa mnayo ya gari." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akawa mwalimu wetu kwa nusu saa. Mkisukuma, alisema, mwenye nguvu akae nyuma, asikae mbele. Akiwa mbele atakwenda kwa mwendo wake na mwenzake atajiona mzigo. Na mkiteremka, breki ya mbele usiiamini penye mchanga, bana ya nyuma kidogokidogo, usiibane moja kwa moja, ikipata moto haishiki.

Mume wangu akarudi nyuma bila kuambiwa mara ya pili. Mimi nikaongoza. Sijui kama ni mzee au ni mlima, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minane mtu huyu anatembea kwa mwendo wangu.

Pale juu

Ziwa halikupigi hodi. Unatembea unaangalia mawe usikwaruze tairi, unanyanyua kichwa, na kati ya miti miwili kuna kitu cha bluu ambacho ubongo unakiita mbingu kwa sababu hakuna jina jingine karibu. Halafu unaona mtumbwi juu yake. Ndipo unapojua.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Duniani lote, maji baridi yenye kina kuliko hayo yapo Baikal tu, Urusi. Ng'ambo ni Kongo, milima yake kama moshi. Tukalaza baiskeli, tukakaa kwenye jiwe, tukala mihogo ya kuchemsha na karanga. Sheria yetu ilikuwa imekwisha muda wake, na hakuna aliyetaka kuanza.

Akaanza yeye. "Barua ya kuacha kazi nimeshaandika. Iko kwenye droo pale nyumbani. Nilikuwa nakusubiri uje, uone, ukisema huwezi, naipeleka Jumatatu."

Miezi minane nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya "mke mwema humfuata mumewe". Nilikuwa na majibu yangu yote, yamepangwa kama makala. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikamuuliza maji ya visima vyake yakoje. Akaniambia kuhusu kijiji kimoja ambako akina mama walikuwa wanaamka saa kumi usiku kwenda mtoni, na sasa wanaamka saa kumi na mbili. Aliongea robo saa kuhusu pampu. Mtu anayeongea hivyo kuhusu pampu humwachishi kazi, hata kama unampenda. Tena hasa kama unampenda.

Hatukumaliza mambo yote pale. Tulikubaliana moja: ile barua isiende popote. Mengine yangesubiri tufike chini.

Karema, na mtu aliyehamishiwa huko

Kuteremka kulichukua muda mfupi na kucha zangu mbili. Karema ni kijiji cha wavuvi chenye miembe mikubwa, mitumbwi, dagaa juani, na bandari mpya iliyojengwa kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Lakini chini ya vumbi lake kuna safari ambazo zinafanya yetu ionekane ya kwenda dukani.

Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold walijenga kituo chao hapa. Mwaka huohuo, ili kufika Karema, ilijaribiwa kitu ambacho hata leo ukisimulia watu wanadhani ni hadithi: ndovu wanne kutoka India walishushwa Msasani, ndiyo, Msasani yetu hii ya baga na muziki, wakatembezwa bara wakiwa wamebeba mizigo. Wengi wao walikufa njiani. Kiongozi wao, Carter, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 akiwa anarudi. Baadaye kituo kikapewa Mapadre Weupe, mwaka 1885.

Halafu akaja Adrian Atiman. Huyu alizaliwa kandokando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, akakamatwa na wauza watumwa akiwa mtoto. Wamisionari wakamkomboa, akasomea utabibu Malta, na akiwa kijana akatumwa Karema. Hakuwa na ndugu hata mmoja upande huu wa Afrika. Akaoa binti wa ukoo wa kichifu, akaanza kutibu watu, na akaendelea kuwatibu mpaka alipofariki mwaka 1956. Karibu miaka 67, kituo kimoja cha kazi. Kaburi lake liko Karema, na hospitali ya Sumbawanga ina jina lake.

Tulikula migebuka wa kukaanga na ugali usiku ule, taa za wavuvi zikiwaka ziwani kama mji mwingine. Nilikuwa namfikiria Atiman, ila zaidi nilikuwa namfikiria yule mkewe. Yeye hakuhama. Mgeni ndiye aliyekuja kwake, na nyumba ikajengwa hapo. Kuna ndoa za namna hiyo pia, na hakuna aliyezikataza.

Uamuzi wetu si wa kupigiwa vigelegele. Kila mwezi nakaa wiki mbili Mpanda, nahariri kwa intaneti, na wiki mbili niko Dar kwa ajili ya vikao na mapicha. Ni gharama, na kuna miezi tunagombana kuhusu nauli. Mara moja moja napanda treni kupitia Tabora, na hiyo si ya mwenye haraka. Siku nyingine napanda basi la lami: barabara ya Tabora hadi Mpanda ilizinduliwa mwaka 2022, na wanaokumbuka ile ya vumbi wanaisimulia kama vita. Barua bado iko kwenye droo. Nimeiona. Hatujaichana, maana huwezi jua, lakini sasa imelaliwa na risiti za pampu.

Kabla hamjatoka: jiulizeni haya

*Nani mnyonge kati yenu?* Njia ichaguliwe kwa miguu yake. Mwenye nguvu atapata raha yake kwenye mtazamo.

*Uzuri uko wapi?* Sitalike uzuri uko mwisho. Karema uko katikati, mkipanda. Mkiwa watu wa kukata tamaa mapema, chagueni yenye uzuri wa karibu.

*Kurudi mnarudije?* Njia ya kuteremka ziwani asubuhi ni njia ya kupanda jioni. Gari la kurudi lipangwe kabla, namba ya dereva muwe nayo wote wawili.

*Maji kiasi gani?* Kila mtu lita tatu, na zaidi kuanzia Septemba. Masika, Novemba mpaka Aprili, msiende, udongo ule mwekundu unashika tairi kama gundi.

*Wanyama?* Waulizeni wenyeji na maofisa wa hifadhi asubuhi ileile, si juzi. Tembo hawana ratiba. Na jua likizama, muwe mmeshafika.

*Vifaa:* tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu, spana moja, kitambaa cha vumbi, nguo za rangi ya mchanga au kijivu. Fulana ya bluu ibaki nyumbani, mume wangu atakuwa shahidi.

Na la mwisho, ambalo fundi wa Makanyagio hakuliuza ila nalitoa bure: mkiwa na jambo zito la kuzungumza, liacheni mpaka mtakapofika juu. Mkifika mnahema, hakuna mwenye pumzi ya kupiga kelele.